Kaakaa la Epineri na Chokaa ya IaPalu

"Fungua kinywa, mzee," alisema Sajini IaTade. "Zaidi. Zaidi hata hapo. Mimi askari tu, sina koleo wala sindano."

Kijana aliyekuwa akimpepea mgonjwa kwa kipande cha boksi akaacha kupepea. Akaanza tena. Sajini alikuwa ameinama na tochi yake, lakini upepo ulipokatika shingoni mwake aliuona mkato huo kama mtu anavyoona taa ikizimika na kuwaka.

Mgonjwa ni Epineri ToVadek, mkulima wa kakao wa kijiji cha Vunakubak, mtu mzima mwenye mvi za kifuani, amekaa ukingoni mwa kitanda katika wodi ya wanaume. Mpepeaji ni Aminio, mtoto wa dada yake, ambaye kwa desturi ya kwetu Watolai ndiye angerithi shamba la mjomba wake. Tangu Epineri alazwe Aminio hakubanduka hapo ila kwa safari fupi, na kila swali aliloulizwa mjomba, jibu lilitoka kwa mpwa.

Sajini akamulika. Meno yalikuwa na wekundu uliokomaa wa popoo, kama ya kila mtu. Shavu la kushoto kwa ndani lilikuwa jeupe, limekunjamana kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi mno. Na juu, kwenye kaakaa, upande wa kulia kwa nyuma, kulikuwa na kidonda chenye shimo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kingo zake zimeinuka. Pembeni ya kidonda, pengo la jino la nyuma.

"Jino hili limekwenda wapi?"

"Liling'oka lenyewe," alisema Aminio. "Alikuwa anakula muhogo."

"Nimemuuliza mwenye kinywa."

Epineri akafunga kinywa, akatazama dirishani. "Lenyewe," akasema.

Sajini hakuandika. Alikuwa na mambo mengine ya kufikiri. Karatasi ya maabara kutoka Moresby, mji mkuu, ilikuwa imesema saratani ya kinywa, na Jumatatu Epineri angepandishwa ndege akakatwe taya la juu. Huko Vunakubak saratani haiji bila kutumwa. Walisema ametiliwa kitu kwenye chokaa ya kutafunia popoo, na chokaa hiyo alipewa na IaPalu, mjane, mchoma chokaa, mtu wa ukoo wake mwenyewe, waliyegombana naye mpaka wa shamba. Vijana walikuwa wameshavunja tanuri lake. Sasa analala kituoni, chumba cha stoo, kwa usalama wake. Kesho Ijumaa kuna baraza la kijiji. Asiposafishwa jina hapo, atafukuzwa kwenye ardhi ya mama yake, na mwanamke anayefukuzwa kwa jina la sumu hapokelewi na kijiji kingine chochote. Wengine hawafiki hata barabarani.

"Mzee, nionyeshe unavyotafuna," Sajini akasema. Akampa kalamu yake. "Hiki ndicho kijiti chako cha tambuu. Kopo la chokaa hili hapa. Chovya, tia kinywani."

Epineri akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaichovya kwenye ngumi ya Sajini, akaipeleka pembe ya kushoto ya midomo.

"Siku zote hivyo?"

"Tangu utoto. Mama alinipiga kwa ajili ya mkono huu mpaka akachoka yeye."

"Hubadilishi upande?"

"Nani anabadilisha upande?" Epineri akacheka kidogo, akashika shavu kwa maumivu. "Wewe unabadilisha, Sajini?"

Hakuna anayebadilisha. Kila mtu kinywa chake kina mlango mmoja wa chokaa, na Sajini aliujua wake, ni wa kulia.

Alipotoka akakaa kwenye benchi nje ya wodi, chini ya kibao kinachokataza kutema popoo. Chini ya kibao hicho ukuta ulikuwa mwekundu hadi sakafuni. Aminio naye akatoka kuvuta hewa. Sajini akamenya popoo yake kwa meno, akapekua mkoba, akapekua tena.

"Kaka, nina popoo, nina tambuu, sina chokaa. Niokoe."

Chokaa mtu hanyimwi. Aminio akatoa mfukoni kopo dogo la maziwa, akalifungua mwenyewe, akalinyoosha. Ndani ya kopo chokaa ilikuwa bado kwenye kifuko chake cha nailoni, kimefunguliwa mdomo, na shingoni mwa kifuko kimefungwa utepe wa kitambaa cha zambarau. Sajini akachovya, akatafuna. Ilikuwa laini kama poda ya mtoto, ikashika upesi, jasho likamtoka puani.

"Chokaa nzuri hii. Ya nani?"

"Ya sokoni tu."

"Na wewe unanukia karafuu. Mnapika nini huko kwenu?"

"Sabuni hiyo, dada," alisema Aminio, na kopo likarudi mfukoni.

*

Kituoni Konstebo Kaminiel alikuwa anamsubiri mlangoni, kifua mbele.

"Sajini, tumempata. Nimepekua kikapu cha bibi. Makopo mawili! Moja la chokaa. La pili unga mweupe, nimeutia kwenye popoo nikautafuna, nikatema. Hauwi mwekundu! Sasa chokaa gani hiyo isiyotia popoo wekundu?"

"Umeutia kinywani?"

"Kidogo tu."

"Unga unaoshuku ni sumu, umeuonja."

Kaminiel akaanza kumeza mate taratibu, kama mtu anayesikiliza tumbo lake.

IaPalu alikuwa amekaa sakafuni kwenye stoo, miguu ameikunja upande mmoja, anasuka kikapu kwa ukindu uliobaki. Alikuwa mwembamba, mikono imekauka kwa moto na majivu. Hakuinuka.

"Mama, kopo la pili lina nini?" Sajini aliuliza.

"Baking poda. Ya skonzi zangu."

"Kwenye kopo la chokaa?" Kaminiel akadakia.

"Mfuniko wake unabana, sisimizi hawaingii. Wewe mwanangu pombe yako unaitia kwenye chupa ya maji, mimi nimewahi kukuuliza?"

Kaminiel akatazama ukutani. IaPalu akalivuta kopo, akatia kidole, akalamba, akatia tena, akalamba, akaendelea kusuka. Sajini hakutosheka kwa hilo. Mtu anaweza kuonja upande mmoja wa kopo. Akalitikisa, akachota kijiko kutoka chini kabisa, akakifunga kwenye karatasi kipelekwe kwa mfamasia wa hospitali.

"Siku unayodaiwa kumpa Epineri chokaa, ilikuwaje?"

"Alikuja kunitukana habari za mpaka. Alipochoka kutukana akaomba popoo. Nikampa. Nikachovya mimi kwanza, nikatafuna mbele yake, ndipo nikamsogezea kopo. Mimi nimelelewa, Sajini. Mtoaji hutangulia."

"Wanasema ulikuwa na makopo mawili, ukachovya hili ukampa lile."

"Wanasema." Akavuta ukindu kwa meno. "Waliosema walikuwepo?"

"Nani alikuwepo?"

"Mimi, Epineri na kuku."

Sajini akachuchumaa. "Chokaa yako ya kuuza unaifungaje?"

IaPalu akatoa kifuko kikapuni. Nailoni, na shingoni utepe wa zambarau.

"Mwingine nani anafunga hivi?"

"Hakuna. Hiyo ni shuka ya marehemu mume wangu. Nilipokuwa na msiba nilifungia kitambaa cheusi. Tulipoondoa matanga nikaichana shuka yake, ili jina lake lipite mikononi mwa watu."

"Mliondoa matanga kabla hawajakutangaza kuwa na sumu, au baada?"

"Baada. Watu wa Vunakubak hawakuja hata kula. Aigir nililopika, chakula cha mawe ya moto, nililila na watu wa mbali." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Tangu hapo wananunua wa mjini tu. Mtoto wa dada yangu ana meza soko la Kokopo. Anayekuja anauziwa, haulizwi jina."

Nje, kivulini pa gari, Sajini akamwambia Kaminiel habari za kopo la Aminio. Kaminiel akakuna kichwa.

"Labda aliinunua iwe ushahidi."

"Ushahidi hautafunwi, Kaminiel. Nimeona kifuko kimeliwa nusu. Mtu anayeamini kisima kina sumu hatii kata yake humo asubuhi na jioni. Amesimama mbele ya kijiji kizima akaapa chokaa hii imemuua mjomba wake, kisha akaenda mjini akainunua."

"Basi hakuamini."

"Hakuamini hata siku moja. Kwa hiyo kuna kitu anakijua."

"Tumkamate?"

"Kwa kosa gani, kutafuna? Twende kwanza kwa wenye hadubini."

*

Daktari Gima Vagi alikuwa mtu wa pwani ya Moresby, mnene, mpole, aliyekuja Kokopo kuwaona wagonjwa wa vinywa kabla ya kusafirishwa. Sajini alipobisha, daktari alikuwa ameshaweka kioo chenye nyama ya kidonda cha Epineri chini ya hadubini, kwa shaka yake mwenyewe.

"Keti, Sajini. Kuna kitu kinanisumbua. Picha ya kidonda ilipigwa siku walipokata kipande cha nyama. Leo nimekiona mwenyewe. Kimepungua."

"Dawa?"

"Hajapewa dawa yoyote. Na saratani haipungui kwa kupepewa na mpwa. Nikaomba kioo nikisome upya."

Akamsogezea kiti. Sajini akaweka jicho. Mara ya kwanza aliona kope zake tu. Kisha pakatulia, akaona uwanja wa waridi na zambarau, na ndani yake mafungu ya duara duara, kila fungu limejaa vitu vilivyobanana kama vigae.

"Kila chembe ya mwili inapokua hujifunza kazi," daktari alisema. "Hii itakuwa ngozi, hii itatoa mate. Ikishajifunza, kwa kawaida haiachi kazi yake. Hapo unapotazama ni kwenye tezi za mate za kaakaa. Palitakiwa kuwa na chembe za mate. Zimegeuka ngozi."

"Kwa nini zigeuke?"

"Njaa. Damu ilikatika hapo. Nyingi zikafa. Zilizobaki zikavaa ugumu zipate kuishi."

"Lakini saratani nayo si chembe zilizogeuka?"

"Ndiyo maana aliyesoma mwanzo alikosea. Aliiona ngozi ndani kabisa, mahali ambapo ngozi haina shughuli. Na karatasi iliyofuatana na kipande iliandikwa maneno machache: mtafuna popoo, kidonda kinywani. Nchi hii ukishasoma hayo, saratani umeitamka kabla hujawasha taa. Mara nyingi unakuwa sahihi. Hata mimi ningetamka, kama nisingeona kidonda kinapona."

"Mimi nitajuaje kwamba wewe ndiye sahihi?"

Daktari akacheka. "Wewe si mtu wa kakao? Lipasue tunda. Mbegu zimekaa kwenye mistari yake. Sasa tuseme mbegu zote zimegeuka mawe, lakini kila jiwe limekaa pale pale palipokuwa na mbegu, na ganda halijatoboka. Utasema nini?"

"Nitasema mbegu zimeugua, tunda halijavamiwa."

"Tazama tena."

Sajini akatazama. Mafungu yalikuwa kwenye mistari yake, kila moja ndani ya ukuta wake. Hakuna lililoruka ua.

"Saratani haijui ua," daktari alisema. "Hii itapona yenyewe. Nimeshaandika, Jumatatu hapandi ndege."

"Na sumu? Kitu ndani ya chokaa?"

"Chokaa inafanya kazi pale inapowekwa. Shavu la kushoto umeliona? Lile jeupe? Hilo ndilo linalonitisha mimi. Hiyo ni kazi ya chokaa ya kawaida, ya miaka yote. Asipoacha, hilo litamrudisha hapa na sitakuwa na maneno mazuri ya kumwambia. Lakini shavu hilo hakuna aliyelilalamikia."

Sajini akapapasa shavu lake la kulia kwa ulimi, akaacha.

"Kaakaani damu hukatwa na nini?"

"Pigo. Meno ya bandia yanayobana. Au sindano ya ganzi, ikichomwa kwa nguvu. Nyama ya hapo imekaza juu ya mfupa, dawa haina pa kwenda, inabana mishipa. Hata daktari mwenye mkono mzuri yaweza kumtokea. Hapo ndipo wanapochoma wakitaka kung'oa jino la nyuma."

"Kliniki ya meno nimeshapita. Hawajawahi kumwona Epineri."

"Basi kuna aliyemwona. Jino lile lina mizizi mitatu, Sajini. Nimewagonga majirani zake wawili, wako imara kama nguzo. Muhogo haung'oi jino la namna ile. Koleo linang'oa."

Koleo na sindano. Upepo wa boksi ukamkatikia tena Sajini shingoni, kama pale wodini alipovitaja mwenyewe. Kisha akaikumbuka harufu ile, na akakumbuka ilikuwa ya wapi: si ya sabuni hata kidogo. Ni mafuta ya karafuu, yale anayopakwa mtu penye jino bovu.

Mlangoni alikutana na mfamasia. Unga wa kopo la pili, kutoka chini kabisa, ulikuwa baking poda.

*

Hakimu alitia sahihi hati ya upekuzi bila maneno mengi. Kikaushio cha kakao cha Aminio kiko nyuma ya Vunakubak, banda la mabati lililojaa majivu ya volkeno kwenye paa, na ndani joto na harufu kali ya mbegu zinazochacha. Mwenyewe alikuwa hospitalini. Sajini alianza mlangoni akaenda kwa mkono wa kulia, kila gunia, kila ubao. Kaminiel alianza kwa mkono wa kushoto, huku akilalamika.

"Sajini, humu kuna kakao na panya."

"Hilo gunia ulilokalia umelifungua?"

Chini ya gunia alilokalia palikuwa na kopo la biskuti. Ndani yake, kwenye taulo safi, koleo mbili, chupa ya mafuta ya karafuu, sindano, na vichupa vya dawa ya ganzi vyenye mhuri wa bohari ya serikali.

Hawajamaliza kuvifunga, kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa mzee wa kijiji jirani, kitambaa kimefungwa kichwani na kupita chini ya kidevu, shavu kama embe.

"Fundi yupo? Kaniambia nije leo."

"Fundi wa nini, mzee?" Sajini aliuliza.

Mzee akaiona sare ya Kaminiel. "Wa... wa kakao."

"Kakao imekuvimba shavuni?"

Mzee akafikiri. "Mbegu moja," akasema, akageuka aondoke, na Sajini akamshika mkono kwa upole, akamkalisha.

"Nenda hospitali, baba. Utang'olewa bila kuogopa askari. Lakini kwanza niambie, fundi huyu huchoma sindano wapi?"

Mzee akafungua kinywa, akaelekeza kidole juu.

*

Ijumaa watu walijaa uwanjani, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na katikati diwani Eliap na fimbo yake. IaPalu alikalishwa mbali, juu ya mkeka, peke yake. Hata watoto walipokimbizana walizunguka mkeka ule kwa mbali. Epineri aliletwa na gari la hospitali pamoja na Daktari Vagi, na Aminio akamshika mkono kumteremsha.

Daktari akasema yake: si saratani, si sumu, ni chembe za mate zilizogeuka ngozi kwa kukosa damu, na zinapona. Wengine wakaguna. Hakutaja jino wala sindano. Sajini alimwomba asitaje.

Aminio akasimama. "Daktari ametoka mbali, tunamshukuru. Lakini jana karatasi ilisema saratani, leo inasema ngozi, kesho itasema nini? Sisi tunajua tulichokiona. Mjomba alitafuna chokaa ya mama huyu, akaumwa. Hata ikipona, alitaka kumuua."

"Kweli!" wakaitikia vijana wa nyuma, wale wale wa tanuri.

"Kaka Aminio," alisema Sajini kutoka alipokaa, "unaamini kwa moyo wako chokaa ya IaPalu ina sumu?"

"Naamini."

"Wewe uliwahi kuitia kinywani?"

"Mimi? Hata kwa bunduki."

"Haya. Nimesikia."

Akamwachia diwani aendelee. Diwani akaita mashahidi wa makopo mawili, na ikaonekana kila shahidi alisikia kwa mwingine, na yule mwingine kwa Aminio. Jua likapanda. Watu wakaanza kumenya popoo, kama ilivyo kawaida baraza linapokuwa refu. Sajini naye akamenya yake, akapekua mkoba, akainama upande wa Aminio aliyekaa karibu naye.

"Kaka, chokaa."

Mkono ulikwenda wenyewe. Ulikwishatoa kopo, ukalifungua, ukalinyoosha, ndipo macho ya Aminio yakafika ulipokuwa mkono wake. Akataka kuurudisha. Sajini alikuwa ameshalishika kopo.

Akainuka. Akakitoa kifuko kikaning'inia, na utepe wa zambarau ukapepea mbele ya watu. Akavuka uwanja mzima hadi kwenye mkeka ambao hakuna aliyeukaribia, akakaa juu yake, akakiweka karibu na vifuko vya chokaa alivyovitandaza IaPalu hapo. Utepe kwa utepe.

"Mama, hiki cha nani?"

"Changu," alisema IaPalu. "Baada ya matanga."

Ni Epineri aliyeinuka, akaja taratibu, akakiokota kifuko.

"Mpwa wangu. Chokaa uliyoniambia imeniua, unatembea nayo mfukoni?"

Aminio akafungua mdomo. "Mjomba... hakuna nyingine inayoshika kama hii."

Mtu mmoja upande wa wanawake alicheka, akajiziba. Kaminiel akaweka kopo la biskuti chini, akalifungua, koleo zikang'aa juani.

Epineri alitazama koleo, akamtazama kijana. Sajini alijua anachokipima, na hakumsaidia. Kusema ni kumpoteza mrithi wake. Kunyamaza ni kumwacha IaPalu pale mkekani. Mzee alisimama na kifuko kile mkononi, katika mkono wake wa kushoto.

"Jino alining'oa yeye," alisema mwisho. "Kule kikaushioni. Akanichoma juu hapa mara mbili, nikaona giza. Nikamwapia sitasema, maana alishafungwa mara moja kwa wizi wa dawa za serikali. Nilidhani naficha kitu kidogo. Kidonda kilipotoka akaniambia ni chokaa. Nami nilikuwa na hasira ya mpaka, IaPalu. Nilitaka iwe wewe."

"Karatasi ilisema saratani!" Aminio alipaza sauti, na sauti ikapasuka. "Nikajua ni sindano yangu. Nikajua nimemuua mjomba. Mngenifanya nini?"

"Ukambebesha mama huyu kifo ulichodhani ni chako," alisema Sajini. "Na Jumatatu ungemsindikiza mjomba uwanja wa ndege akakatwe taya?"

Boksi la kupepea lilikuwa bado kwapani mwa Aminio.

Diwani Eliap akakohoa, akatamka kwamba IaPalu hana neno, ardhi ya mama yake ni yake, na waliovunja tanuri watalijenga kwa mikono yao wenyewe. Vijana wa nyuma wakatazama miguu yao. IaPalu hakushukuru mtu. Alikusanya vifuko vyake kimoja kimoja, akaviweka kikapuni, akakunja mkeka.

Aminio alikuwa ameshakalishwa nyuma ya gari la polisi, pingu mkononi, dirisha wazi, wakati IaPalu alipokuja. Akasimama dirishani, akatoa popoo, akaimenya, akampa. Akampa na kijiti cha tambuu. Kisha akafungua kopo lake mwenyewe, akachovya yeye kwanza, akatafuna polepole mpaka midomo ikaiva, akatema pembeni. Ndipo akalisogeza kopo dirishani.

Sajini, kwa kazi yake, alitazama kwanza ni kopo gani. Lilikuwa lile lile alilochovya, na upande ule ule.

"Chovya, mwanangu," alisema IaPalu. "Wote wakuone."

Aminio akainua mikono yote miwili kwa sababu ya pingu, akachovya, akatia kinywani, machozi yakimshuka, na midomo yake ikawa myekundu kama ya watu wote.